Hajalala, Kaamshwa

Adhana ya alasiri ilikuwa bado hewani kioo cha kompyuta kilipojaa maandishi meupe, kikaganda.

"Imekufa tena, Mama," Khadija akasema.

Bi Mwatumu alikuwa akichambua mchele. Neno lile lilimchoma. Ijumaa iliyopita ndipo ilipokwisha arobaini ya Uweso, mwanawe wa pekee, mume wa Khadija.

Yeye na Khadija walikuwa mafundi wa kiini, ile programu iliyo chini ya programu zote, inayoiongoza mashine kama roho iongozavyo mwili. Uweso ndiye aliyeandika sehemu ya kuilaza kompyuta na kuiamsha. Sasa ikawa inazimika ghafla. Ofisini wameijaribu mara mia, nzima. Ikirudi hapa nyumbani, Raskazone, inakufa.

"Kesho nisipowaonyesha kosa, wataing'oa kazi yake yote."

Bi Mwatumu akauweka ungo chini. Uweso hakuacha mtoto. Alichoacha duniani ni mistari ile.

"Inakufa saa ngapi?"

"Haina saa. Juzi magharibi, jana adhuhuri, leo alasiri hii."

"Haina saa, nawe umenitajia sala tatu?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakautazama mkono wa Bi Mwatumu. Tangu usichana wake, adhana ikisikika huzima redio. Na siku hizi, apitapo, hii kompyuta ya mapajani nayo huifunika, ikalala. Khadija, kazi imemkaba, huifunua papo hapo.

"Kumbe muuaji ni mimi!"

"Funika tena, Mama."

Akafunika, Khadija akafunua. Ikapona. Mara ya pili ikapona. Ya tatu, ikafa.

Khadija akaivamia mistari ya mumewe, kidole kikifuata neno kwa neno, hadi kikasimama. "Ni hapa. Anaiambia ilale, lakini haingoji ilale kweli. Ikiamshwa katikati, nusu iko macho, nusu iko usingizini."



"Kitendawili," akasema Bi Mwatumu.

"Tega."

"Hajalala, kaamshwa, kafa."

"Si kompyuta hiyo, Mama?"

"Siyo. Nipe mji."

"Haya, nakupa Muheza."

"Muheza nimekwenda, machungwa yake nimekula, nimerudi…"

Akaiona tena wodi ya hospitali, asubuhi ile ya mwisho. Siku tatu za maumivu, ndiyo kwanza Uweso anafumba macho, yeye mama akamtikisa bega: uji unapoa, baba. Akayafumbua, akamtazama mamaye, basi.

Khadija hakudai jibu. Aliongeza mstari mmoja tu, chini ya ile ya mumewe: ngoja.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Bi Mwatumu akaifunika kompyuta kwa viganja viwili, taratibu, kama afunikaye mtoto shuka. Khadija akanyoosha mkono aijaribu.

"Usimguse," akasema Bi Mwatumu. "Mwache alale kwanza."