Kofia ya Truett Haskell

Siku hizi kila mtu ni kauboi. Tamthilia moja ya mambo ya ranchi imewatia watu wa mijini kichaa, waimbaji wa nyimbo za klabu wamehamia kuimba hatamu na vumbi, na kila Jumapili mji mdogo wa Sagewell, huko Wyoming, hupokea msururu wa magari yaliyojaa watu wenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga mavi. Verlene Stockard hakuwa na neno nao. Yeye ndiye aliyeshika jiko la ukumbi wa dansi, na raha yake ilikuwa kuona nyumba imejaa pomoni, watu wanapitishiana bakuli za nyama na maharage juu ya vichwa.

Ila Jumapili hiyo alikuwa na lake moyoni. Ranchi aliyoifanyia kazi Truett Haskell tangu ana nywele zote ilikuwa imenunuliwa na tajiri wa California, aliyetaka kuondoa ng'ombe aweke hoteli. Truett alipata kazi nyingine, lakini Nebraska, na bosi wa huko alitaka jibu jioni hiyo hiyo. Sasa, Truett na Verlene walikuwa na desturi yao. Dansi ya mwisho, ile ya polepole kabla watu hawajaenda kulisha mifugo, ilikuwa yao miaka nenda miaka rudi. Humshika mgongoni kama mtu aliyeshika yai, wimbo ukiisha anasema asante, Verlene, anakwenda zake. Mji mzima ulishawaoza zamani. Wasio na habari walikuwa wao wawili tu.

Mdogo wake Verlene, Jolinda, mkata tiketi wa mlangoni, alikuwa ameshachoka. Alimfuata jikoni akamwambia mwanamume yule hatasema hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo mwenye haja ndiye aende.

"Vaa kofia yake, dada," alisema. "Bibi alimpataje babu?"

Ukweli ndio huo. Kule Sagewell kofia ya mwanamume haiguswi. Bora umtie mkono mfukoni. Akiivua ili ale, huiweka kwenye benchi karibu na jiko la kuni, kichwa chini ukingo juu, bahati isije ikamwagika. Na mwanamke akiinyanyua akaivaa mbele za watu, basi amesema, na mwenye masikio amesikia.

Verlene aliwaza huku anakoroga sufuria. Alimwona Truett, kwa kidirisha cha jikoni, akivua kofia na kuiweka mwisho wa benchi. Kisha watu wa Denver wakataka pai, wa Chicago wakataka maharage yasiyo na nyama, na mpaka alipoinua macho tena bendi ilikuwa inaita dansi ya mwisho. Akafuta mikono. Liwalo na liwe.

Akafika kwenye benchi, akasimama kama aliyepigwa na ubao. Kofia zilikuwa zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wageni siku zote huweka za kwao zimekaa kwa ukingo, ndivyo wenyeji wanavyowatambua na kuwacheka. Leo zote zilikuwa kichwa chini. Inaelekea kuna mtu amewafundisha kwenye simu. Haya, akasema moyoni, nitaijua kwa uchakavu. Wapi! Viwanda vimejanjaruka siku hizi, vinauza kofia mpya iliyokwisha kupakwa jasho na kutobolewa, na bei inapanda kadiri inavyoonekana imekanyagwa na fahali.

Akaona moja mwishoni, kahawia, ina doa pale pale penye doa la kofia ya Truett. Akaivaa. Ikamshuka mpaka nyusi. Akatoka nayo katikati ya ukumbi, kidevu juu.

Bendi ilikuwa ya kwao, kwa hiyo ilinyamaza yenyewe. Wenyeji wakageuka, wageni wakageuka kwa sababu wenyeji wamegeuka. Halafu mwanamume mnene mwenye shati la maua akainua mkono taratibu, kama mtoto darasani.

"Samahani, mama," alisema. "Nadhani hiyo ni yangu."

Alikuwa daktari wa meno kutoka Denver. Kando yake alikaa mkewe, jaketi lina nyuzi zinazoning'inia kila upande, na yeye alikuwa amesoma kwenye simu si habari ya ukingo tu bali na hii nyingine. Akamtazama mumewe, akamtazama Verlene, akaweka kijiko chini.

"Mchukue, dada," alisema. "Ila nakwambia mapema, anakoroma."

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka mpiga fidla akakaa chini. Verlene naye alicheka, kwa kuwa ukishaanguka matopeni afadhali uogelee, lakini macho yalikuwa yanatafuta. Akamwona Truett mlangoni, kichwa wazi. Wageni hawakuwahi kuona kichwa kama kile: uso wa shaba, na kuanzia nyusi kwenda juu ni mweupe kama yai la kuchemsha. Truett alimtazama yeye, akaitazama ile kofia, akageuka akatoka.

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kila mtu wa Sagewell anaujua mlango wa gari la Truett, lazima ubamizwe mara mbili. Wakausikia mara ya kwanza. Jolinda akafumba macho. Wakausikia mara ya pili, wakangoja injini.

Injini haikuwaka.

Zikaja buti kwenye ngazi. Truett aliingia ameshika kofia yake, ambayo, kama alivyosimulia Jolinda wiki nzima, alikuwa ameikimbiza garini baada ya kumkuta mgeni mmoja anaijaribu ili apige picha. Akapita katikati ya watu, akafika kwa Verlene. Akamvua ile ya daktari kwa vidole viwili, akampa mwenyewe kwa heshima zote. Ya kwake akaiweka mahali pake.

"Ile ilikuwa inakupwaya," alisema. "Jaribu hii."

Ilimkaa sawasawa.

"Na Nebraska?" Verlene aliuliza.

Truett alifikiri. Kwake hiyo ilikuwa siku ya maneno mengi.

"Kuna ng'ombe," alisema. "Hapa pia wapo."

Jolinda akawapigia bendi kelele wanangoja nini. Fidla ikaanza, na wawili wale wakazunguka ukumbi, mke wa daktari akilia machozi ya furaha kwenye bakuli la maharage. Na mkono wa Truett, kwa mara ya kwanza, haukushika yai.