Dumu Namba Kumi na Mbili

Fundi cherehani aliambiwa kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

"Mama, mkojo wako hauna hata dalili ya soya," alisema mpimaji wa maabara. "Maziwa ya soya tuliyokupa hukunywa. Awamu ya pili ya utafiti tutaendelea bila wewe."

Hakunywa! Wiki tatu alikuwa akibana pua na kuyagugumia kila asubuhi, kisha anakojolea dumu kutwa nzima, hata wateja wakiwa wamejaa dukani. Wala hakuwa akitafuta sifa. Tangu hedhi ikome, joto lilikuwa likimpanda ghafla hadi jasho linadondokea nguo za watu. Utafiti huu ulikuwa unapima ni miili ipi inaigeuza soya kuwa kitu ambacho huenda kikatuliza joto hilo, na yeye alitaka kujua kama wake ni mmojawapo.

"Na wifi yangu je?" aliuliza. Mke huyo wa kaka yake alikuwa naye kwenye utafiti, na kwa kuwa anafanya kazi jirani na maabara, ndiye aliyekuwa akiyapeleka madumu yao yote mawili, kila moja na namba yake.

Mdomo wa mpimaji haukuwa na breki. "Namba kumi na mbili? Huyo lulu! Mwili wake unaigeuza soya kuliko wote. Ila siku ile alitutia hofu, mkojo mwekundu, kumbe ni bitiruti tu."

Fundi akaikumbuka siku hiyo. Bitiruti alikula yeye, sahani nzima. Wifi yake hata harufu ya bitiruti haivumilii. Akaomba apimwe damu kesho yake, ionekane kama ina soya, akaondoka.

Jioni alimkuta wifi jikoni, wala hakuzungusha maneno. "Ulibadilisha namba za madumu."

Wifi akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. "Yale maziwa yalinishinda, nikawa nayamwaga. Niliona aibu kutolewa. Nikajua wewe hutajali."

Fundi akaweka mkoba wake mezani. Miaka ishirini wamelala chini ya paa moja, na hivyo ndivyo alivyojulikana: mtu asiyejali.

"Nilikupa mkojo wangu uubebe, wifi," alisema. "Nani mwingine ningempa?"

Wifi alianza kulia. "Basi kesho twende wote, nikawaambie."

"Utakwenda siku yako. Kesho wananitoa damu," alisema fundi, akichukua mkoba wake. "Hiyo nitaipeleka mwenyewe."