Mtandio Mweusi

Nywele zilipoanza kunyonyoka baada ya sindano ya pili ya dawa, nilinunua mtandio mweusi sokoni Malindi nikajifunga mpaka kidevuni. Nilijiona mjanja. Sikutaka kuhurumiwa, huruma ya kina mama wa kanisani kwetu huanza na maombi, ikaishia kwenye umbea.

Daktari alikuwa amenieleza taratibu. "Dada Jedida, saratani yako bado ni uvimbe mmoja, uko titini, haujasambaa. Dawa zitaupunguza kwanza, kisha tutaukata, kisha utapigwa mionzi kuua mabaki." Nilikubali yote, wala sikumwambia mtu.

Jumapili ya kwanza niliikosa ibada kwa kutapika. Ya pili pia. Kina mama wakaniona njiani na ule mtandio, wakakata shauri: Jedida kasilimu. Wakaacha kunisalimu. Waislamu wa mtaani nao walinisalimu kwa bashasha, nikawa naitikia huku naona haya. Neno moja tu lingetosha kumaliza mambo, lakini kiburi changu hakikuniruhusu. Miezi minne nilipika peke yangu, nikala nusu, nikamwaga nusu. Upweke uliniuma kuliko ile sindano.

Hatimaye daktari akasema uvimbe umenywea, nipasuliwe Alhamisi. "Njoo na mtu wako. Bila wa kukusimamia hatukupasui."

Mama yuko Kitui, mwaka wa pili huu hainuki kitandani. Nilipitia majina yote kwenye simu. Likabaki la Trizah, mwenyekiti wa kina mama.

Jumanne jioni nilibisha kwake.

"Asalaam aleikum," akasema, amesimama mlangoni, hanikaribishi.

Sikuitikia. Niliuvua mtandio, ukaanguka chini.

Alikitazama kichwa changu, kitupu kama kibuyu. "Tangu lini?"

"Tangu Machi. Ni saratani ya titi. Napasuliwa Alhamisi na sina mtu."

Trizah akaketi kizingitini, machozi yakamtoka. "Na sisi kila Jumatano tunafunga, tunakuombea urudi kanisani."

"Mkitoka kuniombea mnapita mlangoni kwangu," nikamwambia. "Nilikuwa nasikia viatu vyenu."

Trizah akainuka. Aliuokota mtandio, akaukung'uta mchanga, akanifunga yeye mwenyewe, polepole, mpaka kidevuni.

"Alhamisi saa ngapi?" akauliza.