Vidole Kumi na Sita

Jumanne asubuhi, akikamua shuka za nyumba ya wageni, mama dobi aliona binti yake ana vidole vinane kila mkono. Vilikuwa vidole vya kawaida, vina kucha, vina wino. Akamwambia avioshe vyote upesi, chai inapoa.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akifundisha mizani kwa vidole: kila silabi kidole kimoja, nane kipande cha kwanza, yaani ukwapi, nane kipande cha pili, yaani utao. Wenye vidole kumi walipotea njiani wakasimamishwa mbele ya darasa. Binti alisimama huko wiki tatu. Sasa ukwapi ulikaa mkono wa kushoto, utao mkono wa kulia, na hakupotea tena.

Jirani mshonaji alipita akamtazama mtoto.

"Shoga, huyu mpeleke kwenye ususi. Atamaliza kichwa mteja hajakaa vizuri."

"Mwache asome," mama alisema, mgongo unamuuma. "Mimi niliishia la saba, ona ninavyoliwa na sabuni."

Binti alikuwa ameinamia daftari, pua imegusa karatasi.

"Unasoma au unanusa?"

"Nasoma, Mama."

Ijumaa akaja na shairi lake, tarbia ya ubeti mmoja, alama ishirini kwa ishirini. Akalighani huku mama akipiga pasi:

Mama naomba sikia, ubao mimi sioni,
Herufi zinafifia, ukungu uko machoni,
Ukuta naushikia, nifikapo mlangoni,
Kesho nitawasikia, kuwaona siwaoni.

Mama alihesabu kwa kugonga pasi. Nane, nane. Vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa, kituo kimefunga. Mwalimu naye alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Safi sana. Mama akajisikia fahari mpaka uchovu ukampungua kidogo. Na wewe mwenye mtoto usimcheke; nawe ungehesabu.

Ilikuwa shuka ya tatu ndipo maneno yalipomwingia.

"Mwanangu, humu si unasema huoni?"

"Hayo ni maudhui, Mama. Hayatoki kwenye mtihani."

"Tangu lini huoni?"

"Muhula wa kwanza. Nilikuandikia mengine matatu. Ulisema vina vyake vitamu."

Shuka ikaanza kunuka moto, mama akaiinua pasi.

Jumatatu wakaenda zahanati. Daktari alivihesabu vile vidole mara mbili, akaandika kumi na sita.

"Tumekuja kwa ajili ya macho, daktari."

"Anayo mangapi?"

"Mawili."

"Basi yametimia," daktari akasema, akagonga mhuri. "Anayefuata!"

Wakapita shuleni kuomba kiti cha mbele. Mwalimu aliwapokea vizuri, akamsifu binti mbele ya wenzake, wanne kati yao wakiwa na vidole vichanga vinavyochomoza. Ila kiti, alisema, hapana. Mbele wanakaa wanaokosea mizani, na huyu hakosei.

"Lakini haoni, mwalimu."

"Mama, mtoto wako ni wa kwanza darasani. Unataka nini tena?"

Shuka za watu zilikuwa zinamngoja mama kwenye beseni, akaaga.

Saa ya kutoka alikwenda kumchukua. Walipofika barabarani, binti alisimama akauliza kama hilo gari linakuja au linakwenda.

"Linakuja," mama alisema, akamshika vidole alivyoweza kushika.