Mgeni Asiyetajwa

Kwiii… hiyo ni koki ya Nyumba ya Juu, siwezi kuikosea, hakuna chuma kingine kinacholia hivyo kituoni kiza kikishaingia, kwa hiyo ameanza, mke wangu anamfungulia mgeni maji ya moto, na mimi mkuu wa kituo hiki cha wageni, niliyekabidhiwa na serikali mabwawa na vyumba na msitu mpaka kwenye maporomoko, nimekaa stoo juu ya ndoo iliyofudikizwa nakata sabuni, ndiyo, nakata mche wa sabuni kwa uzi, maana zile ndogo za kufungwa kwenye karatasi makao makuu wameacha kuleta, vuta uzi, kipande kianguke, vuta, kianguke, na wageni wanasifu, wanasema sabuni zenu zina uasilia, haya, uasilia, na kipande kama hiki hiki sasa hivi kiko mkononi mwake, kinapita juu ya mgongo wa mtu, mgongo wa nani… redio ya mkononi inakoroma pale kwenye rafu, “Jiko, Jiko, hapa Geti, leo mmeniacha nife?” na mpishi anamjibu, “Geti, hilo tumbo lako si lina ofisi yake?” “Lina mpaka katibu muhtasi, leteni chakula,” wanacheka, wacheke, wao wana la kuchekea, mimi nina koki, nina koki iliyofunguliwa na haijafungwa, na beseni la kuogea la Nyumba ya Juu halijai haraka, najua, nimelipima mwenyewe, mtu anapata nafasi ya kusema mengi kabla halijajaa, na nani asemaye, yeye au yule… nimesema yule, basi nimesema, maana ni yule, nani mwingine, simu ilipigwa kutoka makao makuu, anakuja mgeni wa serikali, aandaliwe Nyumba ya Juu, amhudumie mkuu wa Bafu peke yake, yaani mke wangu, nikauliza ni nani, wakaniambia, “Wewe ndiye wa kuuliza hilo?” nami nikasema samahani mkubwa, kwa sababu kweli si wa kuuliza, sheria naisimamia mimi, kila mfanyakazi mpya namsimamisha mbele yangu namwambia mgeni wa serikali hana jina, hana sura, hana alichokula, hata mume akiuliza, hata mke akiuliza, na siku ya mwisho kusema hivyo wote waligeuka kumtazama mke wangu wakacheka, naye akacheka, akasema, “Umesikia, Baba Pacha? Usije ukaniuliza,” na nilijiona hodari, nilijiona mcheshi, vuta uzi, kianguke… kipande hiki kimekuwa chembamba kama jani, mgeni gani ataogea jani, rudia, shika vizuri, jikaze… jana mezani nilimzunguka, nikasema mgeni wetu anapenda nini, akasema, “Mgeni wetu anapenda watu wasiouliza,” akawaongezea watoto mboga, ulimi wake mtamu hivyo hivyo, ila macho hakuyainua, na zamani akirudi Bafu alikuwa anaimba tangu kwenye ngazi, sasa haimbi, anavua viatu, anakaa, nikimgusa bega anasema, “Niache, mgongo umekatika,” mgongo umekatika kwa kazi gani, kufungua koki, kutandika taulo, na ile siku gari lenye mapazia lilipoingia nilikuwa nyuma yake, nikamwona anasimama, mguu mmoja mbele, kisha akaendelea kutembea vile tulivyofundishwa chuoni, mabega sawa, uso wazi, wala hakugeuka kunitazama, mtu asiye na la kuficha angegeuka… chuoni tulikuwa watatu, chuo cha utalii, meza moja, darasa moja, mimi niliyekariri, mke wangu aliyeimba, na yule aliyeweza kila kitu bila kujaribu, aliyeingia bwawa lenye kina akapotea chini mpaka tukaanza kupiga kelele, akaibuka upande wa pili anacheka, na yeye pembeni yangu amenishika mkono kwa nguvu, mkono wangu, lakini kwa ajili ya nani, hilo ndilo linanila, kisha yule akapanda cheo hadi makao makuu, akapanda tena, na yeye akaniambia mimi twende tukaoane, na tangu siku hiyo jina la yule halikutamkwa nyumbani kwetu, hakuna aliyelikataza, lilikaa tu mlangoni bila kubisha, miaka yote hii nimelala karibu na mwanamke huyu na sijui kama nilichaguliwa au nilibaki, basi, hiyo tu, nilichaguliwa au nilibaki, na jibu liko kule juu ndani ya mvuke na mlango umefungwa na sheria ni yangu… “Bafu, hapa Jiko, uji wa mgeni unapoa, niuchemshe tena?” uji, uji kila saa, uji wa maziwa uliochujwa, mimi nilipougua homa nilipewa chai nikaambiwa nijitahidi, na mito, ameomba mito ya vyumba vitatu ipelekwe Nyumba ya Juu, nimesaini, kitanda gani hicho kinachotaka mito yote hiyo, nimelala na swali hilo kama mtu aliyelala na jiwe, na mashuka kubadilishwa asubuhi na mchana na jioni, nimesaini, nikamwona dobi anapita na lile furushi nikageuza uso, niliona haya mbele ya dobi… “Bafu, Bafu, halafu mirija imekwisha, atakunywaje?” na mlinzi anaingilia, huyu naye hana adabu, “Anywe na kikombe kama sisi, ukubwa gani huo wa mirija?” na mpishi, si kwa utani tena, “Kinywa chenyewe hakishiki kikombe, bwana wee, nyamaza,” hakishiki kikombe. Uzi uko katikati ya sabuni na siuvuti. Hakishiki kikombe, na uji uliochujwa, na mito ya kuegemeza ubavu, na mashuka, Mungu wangu, mashuka, na kile kiti cha magurudumu kilichotoka chumba cha huduma ya kwanza, hicho nacho nilikisaini nikadhani ni cha kubebea mizigo yake, na mgongo wa mke wangu uliokatika, mwili wa mtu mzima unaoinuliwa na mwanamke mmoja asubuhi na jioni, kila mtu ameona, mpishi kaona, dobi kaona, mimi niliyeidhinisha kila kitu nimeona kitanda na mapenzi… na bado, hata sasa, lisemwe humu ndani kwa kuwa hakuna anayesikia, roho imeniuma upya, nimemwonea wivu hata kwa hilo, kuwa hoi kiasi hicho mikononi mwa mke wangu, kuoshwa taratibu, kuambiwa inua kidogo, hivyo, pole, huyo aliyeibuka upande wa pili anacheka, hawezi kuibuka kwenye beseni… na mke wangu jioni zote hizo amekaa mezani kwangu na mzigo huu mdomoni, hakuutema, kwa sababu nilimwambia asiuteme, alitii kuliko wote, nami nikauita utii wake usaliti, na kama angevunja sheria akanong’ona tu kitandani ningeinuka, ningekwenda, sijui, labda ningefurahi kwanza, mtu mmoja mbaya ndani yangu angefurahi, halafu ningekwenda… maji bado yanakwenda, yanamwagika sasa, nayasikia kwenye mfereji wa mawe, hajawahi kuacha maji yamwagike, huyu ambaye akiona tone hulala na wasiwasi… redio inabofywa, hakuna sauti, pumzi tu, nazijua pumzi hizo, halafu, “Ofisi.” Nainyakua kwa mkono wenye sabuni inateleza naidaka, “Ofisi hapa.” Anasema, “Baba Pacha,” hewani, ambako sote tunaitana kwa majina ya kazi tu na mimi ndiye niliyeamuru, “Baba Pacha, nimemkalisha sakafuni, yuko salama, ila kumwinua siwezi, mgongo umegoma, na sitaki ashikwe na mwingine, njoo wewe,” nami nasema nakuja, nimesema nakuja kabla sijajua kama nimesimama, na lile swali liko ulimini, nililolibeba siku zote hizi, nilibonyezee kitufe, ni nani, ni yeye, nawe ulinichagua au, na silitaki tena, limekuwa dogo ghafla, nasema tena, “Nakuja, mke wangu, mshike tu hivyo hivyo,” lakini yeye hajaachia kitufe chake, “Subiri,” anasema, “usije kama mkuu wa kituo, ujue kwanza unamjia nani,” na hapo hapo, Geti akisikia, Jiko akisikia, kila redio iliyowashwa kituoni ikisikia, akalitaja, jina lake la kwanza, jina la baba yake, na lile la utani tulilompa sisi wawili.