Mtungi Mwepesi

Mzee alikibonyeza kiberiti cha gari, kikazama kwenye dashibodi, nami nikaanza kuhesabu.

Moja. Katika magari ya kizamani kama lile, kiberiti ni kitufe chenye waya ndani. Ukikisukuma kinapata moto taratibu, na kikishaiva kinaruka chenyewe, tak. Nilikuwa nimekijaribu siku tulipofungua dashibodi. Kinaiva kwa hesabu ya kumi na mbili.

Mbili. Mzee alikuwa nyuma ya usukani, injini inanguruma, vioo vyote amevipandisha ili baridi isitoroke. Sigara ilikuwa mdomoni, bado haijawashwa. Baba mdogo alikuwa ameinamia injini, boneti imemfunika mpaka mabegani, akitafuta kwa nini kiyoyozi tulichokitengeneza jana kimeanza kuchoka leo. Mimi nilisimama karibu na mlango nimeshika tambara. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa.

Tatu.

Baba mdogo alinichukua gerejini kwake mwaka niliotoka shule, darasa la tano, mama alipolala kitandani asiamke tena vizuri. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, na yeye alilijua hilo bila kuniaibisha. Alinifundisha kwa mikono. Makopo ya mafuta niliyatambua kwa rangi za vifuniko. Mitungi ya gesi niliijua kwa kuibeba, kwa kuwa kazi ya kuiteremsha na kuipanga ilikuwa yangu. Ukitaka kujua mtungi una kiasi gani, alinionyesha, uumwagie maji ya moto ubavuni kisha upitishe kiganja. Pale chuma kinapogeuka baridi ndipo gesi ilipofikia.

Gari la mzee lilikuwa na rangi ya maziwa na umri kunizidi mara mbili. Alilinunua mwaka aliooa. Sasa mkewe alikuwa na moyo mbovu usiovumilia joto, na binti yao alikuwa anakaribia kujifungua mbali, mwendo wa siku mbili. Mzee alisema mkewe ameapa kumwona mjukuu, kwa hiyo ama kiyoyozi kifufuke, ama yeye ampepee kwa feni ya mkono njia nzima.

Siku mbili baba mdogo aliizunguka kompresa ile, pampu ya kiyoyozi, kama mtu anayeposa. Gesi iliyozaliwa nayo haiuzwi tena, ilikuwa lazima kuchagua mpya, na ukichagua gesi umechagua na mafuta.

"Gesi na mafuta ni mtu na mkewe," aliniambia. "Leta gesi mpya ubakize mafuta ya zamani, hawatasemezana. Gesi itazunguka, mafuta yatabaki nyuma yamenuna, na kompresa itasagika kavu."

Alimwaga mafuta ya zamani kwenye chupa ya kioo, akayainua kwenye mwanga, akayanusa. Alisafisha mabomba yote. Bomba moja tu la zamani alilibakiza, lile la chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya dereva, maana la kulibadilisha halikupatikana. Mafuta mapya yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza, alisema, ni walevi: ukiacha kifuniko wazi yanakunywa unyevu wa hewani, na yakikutana na masalia ya mafuta ya zamani yanagombana. Ya pili yana subira. Akachagua yenye subira, kifuniko cha kijani.

Baada ya uangalifu wote huo, gesi yenyewe aliinunua kwa dakika moja.

Muuza gesi aliitwa Mjomba na kila gereji. Alikuja na pikapu iliyojaa mitungi, akaniona, akaanza kama kawaida yake.

"Huyu binti yako ameuza ulimi?"

"Hajauuza," baba mdogo akajibu. "Ameuweka akiba."

Wakacheka. Nikauteremsha mtungi, na nusura nianguke chali, kwa sababu mwili ulikuwa umejiandaa kwa mzigo ambao haukuwepo. Ulikuwa mwepesi. Nilidhani umefunguliwa na kutumika. Nikaenda nao nyuma ya gereji, nikaumwagia maji ya moto, nikapitisha kiganja. Baridi ilianzia karibu kabisa na shingo.

Umejaa, na ni mwepesi.

Gesi ya magari ni nzito, inavuta mkono chini kama ndoo ya mchanga mbichi. Nyepesi namna ile naijua moja tu, ya kupikia, ninayoibeba nyumbani kila mwezi kuipeleka jikoni. Nikarudi, nikasimama kando ya baba mdogo, mdomo wazi.

"Vipi?" akauliza bila kugeuka.

Maandishi ya mtungini yalikuwa sawa, alikuwa ameyasoma mwenyewe. Mimi ni nani wa kubishana na maandishi?

"Chai iko tayari," nikasema.

Akajaza kwa kutazama geji za presha tu, mizani yetu ikiwa imekufa zamani. Geji zikasoma vizuri. Baridi ikatoka kali kuliko tulivyowahi kuisikia, mzee akacheka kama mtoto, akaondoka na gari jioni ile. Sikupata usingizi. Nilikuwa nasikiliza mji mzima, kila mlio.

Asubuhi akarudi. Baridi imepungua, akasema. Kila mtu gerejini anajua baridi ikipungua siku ya pili maana yake nini: gesi inavuja. Nami nikalikumbuka lile bomba la zamani, mbele ya magoti yake.

Nane.

Sijui nilivyoufungua mlango. Niliinyakua sigara kwenye mdomo wa mtu mwenye umri wa babu yangu, nikamshika mkono, nikamvuta nje kwa nguvu mpaka kofia yake ikaanguka. Kiatu kimoja kikabaki ndani. Nyuma yetu kiberiti kikaruka, tak.

Hakuna kilichotokea.

Mzee alinitazama kama amepigwa kofi. Baba mdogo alitoka kwenye boneti, uso umemvimba kwa aibu, mkono umeinuliwa. Hajawahi kunipiga. Nadhani siku ile ingekuwa ya kwanza.

"Mtungi ni mwepesi," nikasema.

Mkono ukabaki juu. Kisha akaushusha, akazima injini, akaenda kwenye mtungi, akauinua. Akauweka chini. Akauinua tena. Alijaza beseni maji ya sabuni, akaingiza mpira wa gesi ndani mpaka povu likapanda, akatusogeza wote mbali, akafunga kijiti cha kiberiti kwenye waya mrefu, akakiwasha, akakisogeza kwenye povu.

Povu liliwaka lote kwa pamoja, kwa sauti ya shuka linalokung'utwa. Mzee akaketi chini, pale pale kwenye oili.

Muda mrefu baadaye baba mdogo alinisogelea, akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulijua tangu lini?"

"Sasa hivi," nikasema. "Nilipouhamisha asubuhi hii."

Akanipiga begani mara mbili, akasema akiba yangu imeiva siku yake.

Mzee na mkewe walisafiri wiki iliyofuata, kwa gesi nzito. Mjukuu walimwona. Mpaka leo yule bibi hunitumia salamu, na huwa anasema neno lile lile: mwambieni binti aliyeona mapema. Baba mdogo naye tangu siku ile hafungui mtungi kabla sijaubeba. Hunipa, hunitazama machoni, hungoja.

Nami huubeba taratibu, na kila mara naikumbuka jioni ile gari lilipotoka getini: mzee usukanini, mkewe, aliyekuja kuijaribu baridi, kando yake, vioo vimepandishwa. Bibi alinipungia mkono. Nami nikampungia.