Sanduku la Kulindia Begi

Januari ya mwaka 1985, mzigo wa kwanza wa mabegi ya Dubai ulipofika Tabora, Kasimiri, fundi masanduku wa Mtendeni, aliutazama ukishushwa kana kwamba wanamshushia jeneza lake. Miaka yote ile ya maduka matupu, mwanafunzi gani alipanda treni bila sanduku la bati la Kasimiri? Sasa serikali imeruhusu watu kuagiza bidhaa nje, na Navin mwenye duka, mnunuzi wake mkubwa, amemrudishia masanduku sita.

"Usinikasirikie, fundi. Watu wanataka zipu."

"Zipu!" Kasimiri alifoka. "Panya wa behewani wataifungua kwa meno!"

Alifoka, lakini alikwisha kumwahidi shemeji yake Bundala wa Usoke: Jumamosi ikipita bila oda, anauza nyundo, anakwenda kulima tumbaku.

Jumamosi asubuhi akaja Mama Leonia, jirani yake, amekumbatia begi jekundu lililofunikwa khanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka sanduku."

"Na hilo begi je?"

"La binti yangu, anakwenda shule Kigoma."

"Sasa sanduku la nini?"

"La kuwekea begi! Nilipakie treni hivihivi, watu walirundikie magunia ya mpunga? Kitu cha Dubai kichubuke? Thubutu!"

Damu ikampanda Kasimiri. Sanduku lake, liwe mlinzi wa begi! Akafungua mdomo amfukuze, kicheko kikamwahi. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Cheka, baba, lakini pima!"

Akapima. Masanduku yake yote yalikuwa mafupi kwa vidole vinne. Akakata bati jipya, akaligonga mtaa mzima ukasikia. Alasiri akajitwika sanduku, begi likiwa ndani, kama babu yake alivyojitwika mizigo ya misafara, akapita makusudi mbele ya duka la Navin na Mama Leonia akimfuata kwa vigelegele. Wateja wakatoka na mabegi yao mikononi.

"Fundi, na langu!"

"Langu nene zaidi!"

Navin akajikuna kidevu. "Nitengenezee kumi."

"Nitakutengenezea. Kwanza chukua yale sita uliyonirudishia."

"Lakini hayo mafupi, fundi! Begi haliingii!"

"Basi waandikie Dubai walete mabegi mafupi."

Navin alicheka, akatuma mkokoteni ukayachukue. Msimu ule Bundala alilima tumbaku yake peke yake.